Ukiambukizwa Kazini Uganda: Ufuate Fidia, Likizo ya Ugonjwa, NSSF, Bima au Mahakama?

Tarehe 30 Januari 2025 Wizara ya Afya ya Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola aina ya Sudan. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago, na alikuwa amefariki siku moja kabla ya tangazo. Mlipuko uliotangulia, ule wa Mubende uliotangazwa Septemba 20, 2022 na kumalizika Januari 11, 2023, uliambukiza wahudumu wa afya 19, na 7 kati yao walifariki. Wakongwe wanakumbuka Gulu mwaka 2000, ambapo Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor alifariki Desemba 5 baada ya miezi ya kuongoza mapambano wodini. Korona ilitushtua kwa ukubwa wake, lakini mtu kuugua kwa sababu ya kazi ya kuokoa wengine ni jambo tulilolijua hapa Uganda zamani.

Nawaandikia wanaofika kwanza: dereva na muuguzi wa ambulensi, mzimamoto, askari wa doria, mpimaji wa afya mpakani pale Malaba, Busia, Elegu au Mutukula, kijana wa Msalaba Mwekundu anayezika maiti za Ebola, mhudumu wa afya wa kijiji. Maswali yenu huwa mawili. La kwanza: nikiugua, niende mlango upi? La pili, ambalo wengi hulichelewesha: kati ya kazi hizi na mikataba hii, ipi inanilinda zaidi kabla sijaugua? Nitayajibu yote mawili, na nitasema waziwazi ninachokipendelea.

Msimamo wangu ni huu. Ukiwa mwajiriwa na umeambukizwa kazini, mlango wa kwanza ni Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi, hata kama ofisi ya utumishi inakuambia "chukua likizo upone kwanza, mengine baadaye." Likizo ya ugonjwa iende sambamba na dai hilo. Bima ya mwajiri itakusaidia kwa kadiri karatasi yake inavyoruhusu. Mahakama ni kwa yule mwenye ushahidi wa uzembe. NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ni fedha yako mwenyewe, usikubali mtu akuhesabie kama fidia.

| Njia | Inatoa nini | Nani hafikiwi | Ugumu wake wakati wa mlipuko |
|---|---|---|---|
| Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi | Hadi mishahara ya miezi 60 kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu, pamoja na gharama za matibabu | Wanajeshi walio kazini, wanaojitolea bila malipo | Kuthibitisha kwamba ugonjwa ulitoka kazini |
| Likizo ya ugonjwa (Sheria ya Ajira ya 2006) | Mshahara kamili mwezi wa kwanza | Wanajeshi, wasiomaliza mwezi mmoja kazini | Ni fupi, na karantini haijatajwa |
| NSSF | Akiba yako na riba yake | Watumishi wa umma wenye pensheni | Haiangalii ulivyoumia, inaangalia ulichoweka |
| Bima ya kikundi ya mwajiri | Kadiri mkataba unavyosema | Asiye kwenye orodha ya mwajiri | Vifungu vinavyotoa nje magonjwa ya mlipuko |
| Kesi ya uzembe | Fidia anayoamua hakimu au jaji | Asiye na ushahidi wa kosa la mwajiri | Muda, gharama, na muda wa mwisho wa kushtaki |

Sheria ya fidia: kwa nini naiweka mbele

Sheria hii ya mwaka 2000 ina jambo zuri ambalo watu hawalijui: huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Unathibitisha kwamba uliumia au uliugua kutokana na kazi na ukiwa kazini, basi. Inahusu ajira zote nchini, na serikali inahesabiwa kama mwajiri mwingine yeyote. Kwa hiyo askari polisi, na mzimamoto pia (kwa kuwa zimamoto Uganda ni kurugenzi ndani ya polisi), wamo. Waliotolewa nje ni wanajeshi walio katika utumishi. Hata ajali ukiwa njiani moja kwa moja kwenda au kutoka kazini inahesabika, jambo lililo kubwa kwa anayerudi na boda boda usiku baada ya zamu.

Tuone fedha. Mhudumu wa ambulensi anayelipwa shilingi 800,000 kwa mwezi akifariki kwa ugonjwa uliotokana na kazi, na akaacha familia iliyomtegemea kabisa, hesabu ni 800,000 mara 60: shilingi 48,000,000. Akipona lakini mapafu yake yakabaki yameharibika na daktari akampa ulemavu wa kudumu wa asilimia 30, hesabu ni asilimia 30 ya kiasi hicho, yaani 14,400,000. Ndugu zetu wa Kenya, chini ya sheria yao ya 2007, wanatumia miezi 96. Kwa mshahara uleule familia ingepata 76,800,000. Tofauti hiyo si ndogo, na nadhani vyama vya wafanyakazi vya hapa vingepaswa kuibeba kila vinapoingia Bungeni.

Mwajiri pia anatakiwa kulipa gharama za matibabu zinazostahili. Na sheria inamtaka awe na bima ya kulipia fidia hii. Waulize wenye ambulensi binafsi swali hilo kabla hujapanda gari lao: bima ya fidia ya wafanyakazi mnayo, na ni ya kampuni gani? Ukijibiwa "tunakata bima ya gari," hilo ni jambo jingine kabisa.

Sasa masharti. Jeraha lisilokutoa kazini siku tatu mfululizo, na lisiloacha ulemavu wa kudumu, halilipwi. Mwajiri apewe taarifa ndani ya mwezi mmoja. Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa sababu mgonjwa wa Ebola au Korona kali hana nguvu ya kuandika barua, na familia iko karantini. Mpe mtu mmoja unayemwamini, mapema, jukumu la kuandika: mke, mume, kaka, au mwakilishi wa chama. Barua fupi inatosha: jina, kazi, tarehe ya zamu, mgonjwa au tukio ulilohudumia, tarehe dalili zilipoanza. Nakala moja kwa mwajiri igongwe muhuri wa kupokelewa, nyingine kwa afisa kazi wa wilaya. Mkikubaliana na mwajiri kiasi cha kulipwa, yapitishe makubaliano hayo kwa afisa kazi kabla ya kutia saini. Msipokubaliana kuhusu kiwango cha ulemavu, kuna bodi ya madaktari ya kusuluhisha.

Ebola ni rahisi kuthibitisha, Korona ni ngumu

Hapa ndipo penye kiini cha yote, kwa hiyo nitakaa.

Ajali ina saa yake. Ngazi imeanguka saa nne asubuhi, watu watatu wameona, mguu umevunjika. Ugonjwa wa kuambukiza hauna saa. Sheria yetu inatambua magonjwa ya kazini kupitia jedwali lililoambatanishwa nayo, na daktari anatakiwa atoe cheti kwamba ugonjwa ulitokana na aina ya kazi. Lakini sheria ni ya mwaka 2000, na Korona ilithibitishwa Uganda kwa mara ya kwanza Machi 21, 2020. Jedwali halingeweza kuitaja. Mwenye ugonjwa usiotajwa anabeba mzigo wa kuonyesha uhusiano wa kazi na ugonjwa yeye mwenyewe.

Linganisheni magonjwa haya mawili kwa jicho la mwenye kudai. Ebola inachukua siku 2 hadi 21 tangu kuambukizwa hadi dalili, na haisambai kwa kupitana sokoni: inahitaji kugusa majimaji ya mwili ya mgonjwa au maiti. Tena kila mlipuko wa Ebola unaambatana na orodha ya waliokutana na mgonjwa, wanafuatiliwa kwa siku 21, na mhudumu aliyemgusa mgonjwa anaandikwa jina. Orodha hiyo, iliyotengenezwa na wizara kwa ajili ya kuzuia ugonjwa, ndiyo ushahidi bora kuliko wote wa fidia. Kama jina lako limo na tarehe yake, mwajiri atapata shida kusema uliambukizwa kwingine. Jambo la kufanya: ukiwekwa kwenye ufuatiliaji, omba karatasi inayoonyesha hivyo, hata kama ni picha ya fomu iliyopigwa kwa simu, iwe na tarehe na sahihi ya anayekufuatilia.

Korona ni kinyume. Juni 2021, wakati serikali ilipofunga nchi kwa siku 42, virusi vilikuwa kila mahali: kwenye teksi, msibani, nyumbani kwako. Mwajiri anaweza kusema, na amewahi kusema kwa watu ninaowafahamu, "utajuaje haukuitoa kwa watoto wako?" Ni swali la kuudhi kwa mtu aliyekaa usiku kucha akimshikilia mgonjwa asiyeweza kupumua kwenye gari lisilo na dirisha linalofunguka. Lakini ni swali ambalo sheria inamruhusu kuuliza, na ni lazima uwe na jibu.

Nchi nyingine zililiondoa swali hilo. California mwaka 2020 ilipitisha sheria iliyosema kwamba mzimamoto, askari polisi au mhudumu wa afya wa makundi yaliyotajwa, akipimwa na kukutwa na Korona ndani ya siku 14 baada ya kuwa kazini, atahesabiwa kuwa ameambukizwa kazini mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Mzigo ulihamia upande wa pili. Serikali kuu ya Marekani nayo mwaka huohuo ilifanya vivyo hivyo kwa mafao ya vifo vya maafisa wa usalama wa umma, ikatumia siku 45. Msiende mbali: Afrika Kusini, Machi 2020, ilitoa tangazo chini ya sheria yake ya fidia ya 1993 linaloitambua Korona iliyopatikana kazini na kueleza jinsi ya kuidai. Uganda haikuweka dhana ya namna hiyo kwenye sheria yake ya fidia. Naiona kuwa pengo kubwa kuliko hata tofauti ya miezi 60 na 96, kwa sababu miezi mia haina faida kwa mtu aliyeshindwa kwenye mlango wa kwanza.

Mpaka pengo hilo lizibwe, jaza mwenyewe. Weka daftari la zamu, dogo la mfukoni, na uandike kila siku: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, safari ulizofanya, kama mgonjwa alikuwa na homa, kikohozi au damu, vifaa vya kujikinga ulivyopewa na vilivyokosekana. Usiandike majina ya wagonjwa. Namba ya safari inatosha. Daftari la ofisini linaweza kupotea au kubadilishwa, lako haliwezi. Pima mara tu unapopata dalili na uhifadhi majibu. Kama unaweza, pima pia kabla ya kutumwa eneo la mlipuko, ili ionekane ulikwenda ukiwa mzima. Na wenzako wa zamu wakiugua wiki hiyohiyo, andikeni taarifa pamoja: wahudumu wanne wa gari moja wenye tarehe zinazofuatana wanasema kitu ambacho mmoja peke yake hawezi kukisema.

Likizo ya ugonjwa, na karantini isiyo na mwenyewe

Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mwajiriwa aliyemaliza angalau mwezi mmoja kazini mshahara kamili, na stahili nyingine zote, kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri ana haki ya kuvunja mkataba, mradi afuate masharti yake. Unachotakiwa ni kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo na kuleta cheti cha daktari akikiomba.

Kwa malaria au upasuaji mdogo wa tumbo, hiyo inatosha. Kwa aliyetoka wodi ya oksijeni anayehema kwa kupanda ngazi moja, au aliyepona Ebola akabaki na maumivu ya viungo na macho yenye shida, miezi miwili ni mifupi mno. Ndiyo sababu nasema dai la fidia lianze siku zilezile za mwanzo. Aliyesubiri amalize likizo kwanza anakuta mwezi wa kutoa taarifa umekwisha, na pengine na kazi imekwisha.

Watumishi wa umma wana kanuni zao za kudumu za utumishi na bodi ya madaktari, na kwa kawaida wanapewa muda mrefu kuliko wa sekta binafsi. Kama unachagua kati ya gari la wilaya na gari la kampuni kwa mshahara unaokaribiana, kwa jambo hili peke yake ningechagua la wilaya.

Sasa karantini. Mhudumu aliyemgusa mgonjwa wa Ebola anakaa siku 21 chini ya uangalizi, hana dalili, hajaugua. Sheria ya Ajira inalipia ugonjwa na majeraha. Sheria ya fidia inalipia jeraha na ugonjwa. Mtu mzima anayezuiliwa kufanya kazi ili asiwaambukize wengine hayumo kwa jina katika mojawapo. Mwajiri mwema atamlipa, mwingine atamwambia hizo ni siku za likizo yake ya mwaka, na anayelipwa kwa siku ataambiwa hakuna kazi hakuna malipo. Matokeo yake ni ya hatari kwa kila mtu: anayejua karantini itamnyima chakula cha watoto atashawishika kuficha kwamba glavu ilichanika.

Kwa hiyo sentensi moja kwenye mkataba ina thamani kubwa: "Siku za karantini au uangalizi zilizoagizwa na mamlaka ya afya kutokana na kazi zitalipwa kwa mshahara kamili na hazitakatwa kwenye likizo." Nikilinganisha mikataba miwili, mmoja wenye sentensi hiyo na mwingine wenye nyongeza ya elfu hamsini kwa mwezi, nachukua wenye sentensi.

NSSF na pensheni

Hapa nitapita haraka. Mwajiri anaweka asilimia 10 ya mshahara, mfanyakazi asilimia 5, na tangu marekebisho ya mwaka 2022 waajiri wote wanatakiwa kuchangia bila kujali wana wafanyakazi wangapi. Ukipata ulemavu unaokuzuia kufanya kazi, kuna fao la ulemavu. Ukifariki, kuna fao la warithi. Lakini kinacholipwa ni akiba iliyokusanyika na riba. Muuguzi kijana mwenye miaka miwili kazini ana akiba ndogo, na kuambukizwa kazini hakuiongezi. Dai lako la fidia halipungui kwa sababu umelipwa NSSF, na anayekuambia "si umepata NSSF?" anakuchanganya. Wenye pensheni ya serikali wafuatilie mafao yao ya kuumia au kufa kazini kwa ofisi ya utumishi, na faili likae na barua ya ajira na ya kuthibitishwa kazini. Bila barua ya kuthibitishwa, familia nyingi huzunguka sana.

Bima ya kikundi: soma ukurasa wa nyuma

Hospitali nyingi binafsi na mashirika huwakatia wafanyakazi bima ya matibabu au ya ajali. Ni jambo jema, hasa kwa kuwa Uganda haina bima ya afya ya taifa inayofanya kazi. Lakini ziko bima mbili zinazofanana kwa jina na kutofautiana kwa mambo. Bima ya ajali binafsi inalipa ajali; ugonjwa wa kuambukiza mara nyingi haumo kabisa. Bima ya matibabu inalipa ugonjwa, lakini mikataba mingi ina kifungu kinachotoa nje magonjwa ya mlipuko yaliyotangazwa rasmi na serikali. Yaani inakulinda mpaka siku unayoihitaji zaidi.

Omba nakala ya mkataba wenyewe. Kadi haitoshi, wala kipeperushi chenye picha ya familia inayocheka. Tafuta neno la mlipuko, janga, karantini. Kama mwajiri hataki kukuonyesha, chukulia kifungu hicho kimo.

Mahakama, na haki ya kuondoka kwenye hatari

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi, na inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa mahali penye hatari ya wazi. Kwa mhudumu wa dharura haki hii ya pili ni nzito kuitumia: mgonjwa yuko chini, anakuangalia. Sikushauri umwache mtu. Nakushauri useme na uandike kabla gari halijatoka: "Leo hatuna aproni wala barakoa za kutosha, tunakwenda kwa agizo la fulani." Ujumbe wa simu kwa msimamizi, wenye tarehe, unatosha. Ukiambukizwa baada ya hapo, una msingi wa kesi ya uzembe, ambayo inaweza kulipa zaidi ya ile hesabu ya miezi 60, ingawa mahakama itaangalia ulichokwisha kulipwa.

Muda wa kushtaki ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Dhidi ya serikali au halmashauri ya wilaya, kesi ya madhara ifunguliwe ndani ya miaka 2. Dhidi ya mwajiri binafsi, kesi ya kuumizwa kwa uzembe ni miaka 3. Familia nyingi zinamaliza mwaka wa kwanza kwa msiba na wa pili kwa kuahidiwa. Mtafuteni wakili, au kituo cha msaada wa kisheria, kabla ya mwaka wa kwanza kwisha.

Kazi kwa kazi

Polisi na zimamoto. Kwa mtazamo wangu ndio wenye ulinzi mpana kuliko wote kwenye karatasi: sheria ya fidia inawahusu, mwajiri ni serikali, pensheni ipo. Tatizo lao ni ushahidi, kwa sababu askari wa doria haandiki kila mtu aliyemgusa. Afande, wakati wa mlipuko hakikisha kila tukio lenye mgonjwa au maiti limeingia kwenye kitabu cha kituo, na namba yake unayo.

Jeshi. Wanajeshi wa UPDF waliosimamia amri za Korona hawamo kwenye sheria ya fidia wala ile ya ajira. Wanategemea taratibu za jeshi lenyewe. Raia aliyeajiriwa na jeshi yuko tofauti: sheria ya ajira haikumtoa nje, na anapaswa kulijua hilo.

Ambulensi na hospitali binafsi. Haki ni zilezile kisheria, na mshahara wakati mwingine ni mzuri. Ila usalama wako unategemea mambo matatu: mkataba ulioandikwa, bima ya fidia iliyo hai, na kifungu cha karantini. Kampuni inayokuita mkandarasi wa kujitegemea huku ikikupangia zamu, sare na gari inajaribu kukutoa nje ya sheria. Usitie saini karatasi hiyo. Kama umeshatia, weka ushahidi wa jinsi kazi inavyofanyika kweli: ratiba, maagizo ya simu, malipo ya kila mwezi.

Wanafunzi na walio mafunzoni. Miongoni mwa waliokufa katika mlipuko wa 2022 alikuwamo daktari kutoka Tanzania aliyekuwa akisomea upasuaji hapa Uganda. Alikufa Oktoba 1. Mwanafunzi wa uzamili anafanya kazi ya wodini kama daktari mwingine yeyote, lakini sheria inamtafsiri mfanyakazi kama anayetoa huduma kwa malipo. Asiyelipwa anabaki akitegemea huruma ya chuo na hospitali. Wazazi mnaolipa ada, na hasa mnaoleta watoto kutoka Tanzania, Kenya au Kongo, ulizeni chuo kwa maandishi: akiambukizwa wodini, nani analipa matibabu, nani anasafirisha, nani analipa familia? Chuo chenye jibu lililoandikwa kina uzito zaidi kwangu kuliko chenye majengo mapya.

Msalaba Mwekundu na wanaojitolea. Shirikisho la kimataifa la vyama hivyo lina mpango wa bima ya ajali kwa wanaojitolea. Uliza tawi lako kama jina lako limeorodheshwa mwaka huu, na kama ugonjwa wa kuambukiza umo au ni ajali tu. Usipande gari la kuzika mpaka upate jibu.

Wahudumu wa afya wa vijijini, yaani timu za afya za kijiji (VHT). Hawa ndio wanaonitia uchungu zaidi. Ndio wanaogonga mlango wa kwanza, ndio wanaomjua mtoto mwenye homa kabla hata kituo cha afya hakijajua, na kwenye sheria wanahesabiwa kama watu wa kujitolea. Posho ya hapa na pale inaweza kusaidia kujenga hoja kwamba wanalipwa, lakini ni hoja dhaifu ikiwa hakuna karatasi. Kwa hiyo kabla ya kuanza kupita nyumba kwa nyumba wakati wa mlipuko, kikundi chote cha parishi (ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji) kiombe barua kutoka kwa ofisa wa afya wa wilaya au shirika linalofadhili kampeni, yenye majina yenu, kazi mliyotumwa, tarehe ya kuanza na kumaliza, kiasi cha posho kwa siku, na ni nani atakayelipia matibabu mkiugua. Barua ikikataliwa, andikeni kwamba mliiomba, mkaitie saini wote, na nakala ikae kwa mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji.